Insulini Nyumbani Bila Friji

(Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Garissa)



Wako wagonjwa wa kisukari wanaoacha chupa ya insulini kwenye friji ya zahanati au ya jirani kwa sababu nyumbani kwao hakuna stima. Zahanati ikifungwa, au jirani akisafiri, sindano ya jioni inakosekana. Kwa mwenye kisukari aina ya kwanza, kukosa insulini kunaweza kumuua kwa siku chache tu.

Chupa ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye friji, nyuzijoto 2 hadi 8. Isiingie friza kamwe. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena.

Chupa inayotumika inaweza kukaa nyumbani. Mwaka 2021, shirika la MSF na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti ulioanzia hapa kwetu. Walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kisha wakaweka insulini kwenye maabara katika joto kama hilo, nyuzijoto 25 hadi 37, kwa wiki 4. Nguvu yake ilibaki sawa na ya ile iliyokaa kwenye friji.

Mchana wa kwetu huweza kupita nyuzijoto 37, kwa hiyo mtungi unahitajika. Tia mtungi mdogo ndani ya mkubwa, jaza mchanga katikati, umwagilie maji asubuhi na jioni. Funga chupa ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji, iweke ndani, funika kwa kitambaa kibichi. Mtungi ukae kivulini, penye upepo.

Andika kwenye chupa tarehe ya kuifungua. Baada ya wiki 4, chukua nyingine. Insulini iliyokuwa angavu ikiwa na ukungu, au ya rangi ya maziwa ikibaki na madonge baada ya kuchanganywa, isitumike. Irudishwe zahanati.

Anayepanda basi kwenda Nairobi aibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti wala juu ya dashibodi. Akitumia barafu, aizungushie kitambaa isiguse chupa.

Mgonjwa asiye na friji amwambie mhudumu wa zahanati mapema, apewe chupa ya kukaa nayo nyumbani na kuoneshwa jinsi ya kuitunza. Asiruke sindano kwa kukosa friji.