Mbio za Barabarani na Siku ya Mapumziko



Nimeombwa niseme machache juu ya mbio za barabarani. Mimi silipwi kwa kukimbia. Ni mfanyakazi kama ninyi. Nimekimbia kilomita 10 na kilomita 21 katika mbio za Nairobi, zilizoanza mwaka 2003.

Walio mbele ni wachache, na kukimbia ndiyo kazi yao. Nyuma yao tuko sisi wengi: makarani, waashi, wapishi, askari wa lindo. Kila mmoja anashindana na saa yake mwenyewe.

Nairobi iko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi. Kijana anayefyatuka kama mshale mwanzoni, kwenye kilomita ya 7 hupitwa na wazee. Anza polepole.

Lakini linalotushinda zaidi ni uchovu wa kazi. Mwaka mmoja msimamizi aliniita kazini Jumapili tatu mfululizo, bila siku nyingine badala yake. Nilimwendea mwakilishi wetu wa chama. Akamwonyesha msimamizi Sheria ya Ajira ya mwaka 2007: kila mfanyakazi ana haki ya siku moja ya mapumziko, angalau, katika kila siku 7. Jumapili ya nne nilikimbia kilomita 21, nikamaliza nikiwa na nguvu.

Ndugu zangu, miguu hupata nguvu kwa mazoezi na kwa kupumzika pia. Ukimbie usikimbie, siku yako ya mapumziko ni haki yako. Ikichukuliwa, usinung'unike peke yako; njoo chamani.