UBONGO WA MTU NA UGONJWA WA KIFAFA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Nimetakiwa niseme habari za ubongo, jinsi ulivyo, kazi zake, na maradhi yaupatayo. Habari hizi ni pana, wala hazimaliziki kwa jioni moja. Kwa hiyo nimezigawa mafungu mawili. Kwanza nitasema kwa ufupi juu ya kiungo chenyewe. Kisha nitakaa juu ya ugonjwa mmoja, nao ni kifafa, kwa kuwa unatugusa sana sisi watu wa Mbeya na Iringa, na kwa kuwa yako mambo juu yake yatupasayo kuyajua na kuyatenda.

1. UBONGO ULIVYO

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa gramu 1,300 hata 1,400. Ni laini mfano wa samli iliyoganda. Ndiyo maana umewekwa ndani ya fuvu, ukavikwa ngozi tatu nyembamba, na katikati ya ngozi hizo mna maji yauzuiayo usigonge mfupa kila mtu arukapo au ajikwaapo.

Sehemu zake kubwa ni tatu. Iko ya juu, iitwayo ubongo mkubwa; iko ndogo ya kisogoni, ituwezeshayo kusimama na kwenda pasipo kuyumba; na liko shina liunganishalo ubongo na uti wa mgongo. Shina hili ni dogo, lakini ndilo liangaliazo pumzi na mapigo ya moyo, usiku na mchana, hata tukiwa usingizini.

Ubongo mkubwa umegawanyika nusu mbili, na ajabu yake ni hii, ya kuwa nusu ya kushoto hutawala mkono na mguu wa kuume, na nusu ya kuume hutawala wa kushoto. Kadhalika kila mahali pana kazi yake. Nyuma ya paji la uso ndiko tupimako mambo na kujizuia. Kisogoni ndiko kuona. Ubavuni ndiko kusikia. Na kwa watu walio wengi kazi ya kusema iko upande wa kushoto. Kwa hiyo karani apatwaye na madhara upande huo aweza kupotewa na mkono wa kuandikia na ulimi wa kusemea kwa siku moja.

Kazi zote hizo hufanywa na chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zipatazo milioni elfu themanini na sita. Chembe hizi hupelekeana habari kwa nguvu ndogo za umeme na kwa dawa zinazotengenezwa na mwili wenyewe. Nazo zina njaa kubwa: ubongo ni kama sehemu mbili katika mia za uzito wa mwili, lakini hutumia sehemu moja katika tano za hewa njema tuivutayo. Damu ikikatika, mtu huzimia kwa sekunde chache. Zikipita dakika nne au tano, chembe huanza kufa.

Kwa sababu hiyo maradhi mengi ya ubongo hayangoji. Kiharusi ni mshipa wa damu ulioziba au kupasuka kichwani, na mara nyingi huletwa na shinikizo la damu ambalo mtu hakulijua. Mdomo ukienda upande kwa ghafula, mkono ukalegea, usemi ukavurugika, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo mtoto mwenye homa na degedege, na mtu mwenye homa kali ambaye shingo yake imekakamaa, maana yamkini ni malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Na wapandao pikipiki katika barabara kuu ipitayo Iringa na Mbeya kwenda Tunduma wakumbuke ya kuwa fuvu halikuumbwa kwa kupigwa na lami. Wavae kofia ngumu.

2. KIFAFA

Sasa naja kwenye kifafa. Nimesema ya kuwa chembe za ubongo hupelekeana habari kwa umeme. Kwa desturi hufanya hivyo kwa zamu na taratibu, kama makarani wa ofisi iliyo njema, kila mtu na barua yake. Katika kifafa, chembe nyingi hupaza sauti pamoja kwa mara moja, wala hapana habari isikikayo. Mtu huanguka, viungo hukakamaa, kisha hutikisika, fahamu humtoka, povu humtoka kinywani, kwa kuwa wakati huo hawezi kumeza mate yake. Baada ya dakika moja au mbili fujo hutulia, naye huamka amechoka, hajui lililompata. Wako wengine wasioanguka kabisa: hukodoa macho kitambo kidogo, au mkono mmoja tu hutikisika. Hicho nacho chaweza kuwa kifafa.

Jambo hili si geni kwa elimu. Katika kitabu kihesabiwacho kuwa cha Hippocrates, mganga wa Kiyunani wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, imeandikwa ya kuwa ugonjwa huu hautoki kwa miungu bali kwa ubongo. Na mwaka 1924 Hans Berger, daktari wa Ujerumani, aliandika kwa chombo umeme wa ubongo wa mtu kwa mara ya kwanza. Hivyo fujo ile ya chembe yaweza kuonekana katika karatasi kama mistari.

Lakini katika vijiji vyetu bado wako wasemao ya kuwa povu la mwenye kifafa huambukiza, na ya kuwa amgusaye naye ataanguka. Neno hili limeua watu. Kwetu ni nchi ya baridi. Mwezi wa Juni na Julai watu huota moto jikoni, na mafiga hayakosi makaa. Mtu akianguka motoni, na waliopo wakaogopa kumgusa, huungua mpaka fujo iishe. Makovu ya mikono na nyuso mnayoyaona kwa wagonjwa hawa hayakufanywa na kifafa peke yake. Mengine yamefanywa na hofu ya jirani.

Yaliyotokea Mahenge, ng'ambo ya bonde la Kilombero, ni ushahidi mwema. Huko kifafa ni kingi kupita kiasi. Daktari mmoja wa asili ya Norwei, Louise Jilek-Aall, alifika huko akawakuta wagonjwa wametengwa, wengine wana majeraha ya moto. Naye tangu mwaka 1960 akaanza kuwatibu. Dawa aliyoitumia ni fenobabito, iliyokuwa imejulikana kwa ugonjwa huu tangu mwaka 1912, dawa ya bei nafuu. Wengi waliokuwa wakianguka mara kwa mara walipata nafuu, wakarudi kwenye kazi na jamaa zao. Na madaktari wasema hata leo ya kuwa katika kila wagonjwa kumi, hadi saba waweza kuishi pasipo kuanguka wakipata dawa ifaayo na kuimeza kila siku.

Mtauliza, Je, kifafa hutoka wapi? Chanzo si kimoja. Wengine waliumia ubongo wakati wa kuzaliwa, au kwa malaria, au kwa pigo la kichwa. Kwa wengine huko Mahenge wataalamu wameona uhusiano na ugonjwa wa usubi uletwao na inzi wadogo wa mitoni. Lakini katika Nyanda zetu kiko chanzo kimoja ambacho twaweza kukizuia kwa jembe na sabuni, nacho ni tegu wa nguruwe.

Sikilizeni njia yake. Mtu hula nyama ya nguruwe isiyoiva vema, yenye vifuko vidogo vyeupe vya maji. Tegu hukua tumboni mwake. Mayai ya tegu hutoka katika choo chake. Ikiwa hana choo cha shimo naye huenda vichakani, nguruwe azururaye hula kinyesi kile, na vifuko vipya hufanyika katika nyama yake. Hiyo ndiyo duara ya kwanza. Lakini liko jambo la pili lililo baya zaidi: mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono isiyonawiwa, au mboga, au maji, vifuko havifanyiki tumboni, bali huweza kwenda mpaka ubongoni. Kifuko kimoja mahali pabaya chatosha kuzusha fujo ile niliyoieleza.

Angalieni, basi: mtu asiyeonja nguruwe maisha yake yote aweza kupata kifafa hiki, ikiwa aliyempikia chakula ana tegu naye hakunawa mikono. Kwa hiyo Mwislamu na Mkristo, mlaji na asiyekula, wote wamo hatarini pamoja. Wala si habari ya mbali. Wachunguzi waliokagua nguruwe baada ya mwaka 2000 walivikuta vifuko hivyo katika Iringa Vijijini, Chunya, Ludewa na Mbozi.

3. YATUPASAYO

La kwanza, mtu akianguka mbele yenu, msimwogope. Mwondoeni penye moto, maji na magari. Mlazeni ubavu ili povu litoke. Legezeni ukosi wa shati. Wekeni kitu laini chini ya kichwa. Msimtie kijiko wala kidole kinywani, wala msimkandamize. Tazameni saa: zikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, apelekwe hospitali.

La pili, dawa isiachwe kwa ghafula, hata kama mtu amekaa miezi mingi pasipo kuanguka, maana kuiacha hivyo huweza kurudisha kifafa kwa nguvu zaidi. Wala dawa ya kuua vifuko isinunuliwe dukani pasipo daktari. Vifuko vikifa ubongoni huleta uvimbe, na uvimbe huo waweza kumdhuru mgonjwa.

La tatu, kila mwenye nguruwe amfungie bandani, kila nyumba iwe na choo, na kila mkono unawe kwa sabuni kabla ya kupika na kula. Na sisi tupendao nyama ya kuchoma tukiwa tumekaa mbele ya ulanzi, tukatae ile ambayo ndani yake ingali nyekundu, na tuulize kama ilikaguliwa.

La nne latuhusu sisi makarani hasa. Ni sisi tuandikao majina shuleni, tupokeao barua za kuomba kazi, tuulizwao na wazee tuendapo likizo nyumbani. Mtoto mwenye kifafa asifutwe katika daftari la shule. Akili yake huweza kuwa sawa na ya wenzake. Mfanyakazi mwenye kifafa asipewe kazi ya kuendesha gari wala ya kupanda juu wakati angali akianguka, lakini aweza kuandika, kuhesabu na kutunza majalada kama sisi. Na jamaa waulizapo kama wampeleke kwa mpunga pepo, tuwaambie njia ya kwenda hospitali. Ikiwa hawana nauli, tuwasaidie.

Bwana Mwenyekiti, hofu ya kifafa haikuanza kwa ubaya wa mioyo. Ilianza kwa kutokujua. Wazee wetu waliona mtu anaanguka, wasione kinachomwangusha. Sisi tumekwisha kuambiwa. Asiyejua ana udhuru. Aliyesikia maneno haya usiku wa leo, na kesho akamwacha mtu motoni, hana.