Hindi lenye mapengo

Ukikuta saa saba mchana majani ya mahindi yamejikunja kama mkeka, usikimbilie kulaumu mbegu. Mmea umefunga milango. Jani lina vitundu visivyoonekana kwa macho. Udongo ukikauka, vitundu hivyo hujifunga ili maji yasipotee. Lakini milango hiyohiyo ndiyo inayoingiza hewa ya ukaa, ambayo mmea hutengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ikifungwa, jiko linazimika, mmea unadumaa.

Jioni majani yakikunjuka, kuna nafuu. Yakiamka asubuhi bado yamejikunja, hapo pana kazi.

Wakati mbaya kuliko wote ni wa mbelewele. Ukame ukipiga hapo, ndevu za hindi huchelewa kutoka, chavua ikamwagika bila mpokeaji. Kila unywele mmoja ni punje moja. Usipopata chavua, gunzi linabaki na pengo. Mvua ikija wiki mbili baadaye, shamba litapendeza, kijani tupu, ila ghala halitajaa.

Na ninyi wa nyanya: kitako cheusi mara nyingi si ugonjwa wa kupulizia dawa. Maji ndiyo yanayobeba kalsiamu hadi kwenye tunda. Leo ukilowesha chepechepe, kisha wiki nzima pakavu, kitako kinaharibika. Mwagilia kwa mpangilio, utandaze nyasi.

Kwa anayetegemea mvua pekee, ulizia mbegu ya mtama katika kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ilonga, wilayani Kilosa. Mtama hujua kusubiri: kiangazi husinzia, mvua ikirudi huendelea.