Mezani pa Mfalme

Somo: 2 Samweli 9:1-13



Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na umri wa miaka mitano habari za vita zilipofika. Yaya wake akamchukua na kukimbia. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Angalieni, Maandiko hayasemi kwamba alirogwa, wala kwamba mama yake alikosa. Yanasema alianguka.

Katika njia itokayo Kitale kwenda Bungoma, tukipita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, zipo nyumba ambamo mtoto hulala chali kutwa. Shingo haikazi, miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi. Majirani hunong'ona juu ya laana. Madaktari huiita hali hii mtindio wa ubongo. Ubongo uliumia mtoto akiwa tumboni, au alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au alipatwa na manjano kali, malaria ya kichwa au homa ya uti wa mgongo angali mchanga. Hauambukizi. Tena wengi wa watoto hawa hufahamu mambo kuliko tunavyodhani.

Je, watapona? Tusiwadanganye wazazi: jeraha la ubongo halifutiki. Lakini mtoto aweza kusaidiwa, na msaada huanza na jambo dogo, yaani kumketisha. Alishwaye akiwa amelala, kichwa nyuma, hupaliwa, na chakula chaweza kuingia mapafuni. Akiketi wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, humeza vema. Mikono hupata kazi, na macho huwaona watu. Kwa kuanzia, kona ya kuta mbili na blanketi lililokunjwa vyaweza kumtegemeza. Huko Zimbabwe, tangu miaka ya 1970, ulikuzwa ufundi wa kugandisha maboksi na makaratasi kwa gundi ya unga hata yakawa viti imara.

Baadaye, fito mbili zikisimikwa uani, atajishikilia akijifunza kusimama. Kijiko kikizungushiwa kitambaa mpini uwe mnene, atakishika mwenyewe. Kiungo kilichokakamaa tusikivute kwa nguvu. Wataalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali za serikali za Kitale na Bungoma humfundisha mzazi namna ya kufanya, kwa kuwa yeye ndiye aliye na mtoto kila siku. Na kuhusu shule, viko vituo vya serikali, vilivyoanza mwaka 1984, vya kuwapima watoto wenye ulemavu na kuwaelekeza mahali pa kusoma.

Na sisi kanisa, je? Yuko mama ambaye haji tena ibadani. Mtoto ametimiza miaka minane, mgongo hauwezi tena kumbeba, na macho ya watu ni mazito kuliko mtoto. Daudi hakungoja Mefiboshethi aje mwenyewe. Alituma watu mpaka Lo-debari wakamlete. Tena sura yaisha ikitukumbusha kwamba alikuwa bado kiwete, naye akala mezani pa mfalme siku zote. Hakupewa mahali kwa sababu amepona. Alipewa kwa sababu ya upendo wa agano.

Basi seremala wa kanisa na aunde kiti. Vijana na wamchukue mtoto Jumapili. Akina mama na wakae naye siku moja katika juma, mama yake apate kulima au kupumzika. Na mwalimu wa shule ya Jumapili amwite kwa jina lake, angoje jibu lake, hata likichelewa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuketisha sisi tusiostahili mezani pako, utupe miguu ya kwenda Lo-debari yetu, na mikono ya kuwaketisha watoto wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.