Talaka, Kutengana na Kazi ya Wakili: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Halmashauri ilitutaka tuseme machache juu ya talaka na kutengana, wala hatukuifurahia kazi hiyo. Si jambo jepesi kulitamka ukumbini, mume na mkewe wakiwa wameketi benchi moja. Tutaanza na kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufundisha.

Miaka kumi na mmoja iliyopita mwanachama wetu mmoja alishindwana na mkewe, ambaye alifunga naye ndoa kanisani. Wazee wanne waliketi nao jioni tatu. Mwishowe tukaandika barua kwamba hao wawili wameachana kwa hiari, bibi arudi kwa kaka yake, bwana abaki na nyumba na shamba. Wote wakatia sahihi, wazee wakaweka vidole gumba, nasi tukapiga muhuri wa chama. Chai ikanywewa, kila mtu akaenda zake akidhani mambo yamekwisha.

Mwaka jana bwana huyo alitaka kuiweka nyumba rehani apate mkopo. Benki ikamwuliza idhini ya mkewe iko wapi. Akatoa barua yetu. Karani wa benki akaisoma, akamrudishia. Alifika ofisini kwa hasira, na haki alikuwa nayo. Tukaenda naye kwa wakili.

Wakili hakutucheka, ijapokuwa tulistahili. Alisema kwamba ndoa ya kanisani haivunjwi na barua, wala na wazee, wala na miaka kupita. Yavunjwa na korti peke yake. Basi mbele ya sheria yule bibi ni mkewe hata leo, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza nyumba ya ndoa kuwekwa rehani pasipo yeye kukubali kwa maandishi. Tena bwana alikuwa ameanza kupeleka mahari kwingine. Aliambiwa asimame hapo hapo, maana ndoa hiyo ya pili ingekuwa batili.

Swali la kwanza la wakili lilikuwa: ndoa hii ni ya namna gani, na cheti kiko wapi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yatambua ndoa za namna tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ndugu zetu Waislamu mlango wao ni kwa Kadhi, na talaka yao hufuata sheria ya dini yao. Wengine hupeleka ombi kwa hakimu na kutaja sababu: uzinzi, ukatili, mwenzi kumwacha mwenziwe kwa miaka mitatu au zaidi, ama ndoa kuharibika hata haiwezi kutengenezwa tena. Waliooana kiserikali walikatazwa kuomba talaka kabla ya miaka mitatu ya ndoa, lakini Mahakama Kuu ilikiondoa kifungu hicho mwaka 2019.

Kutengana kwa amri ya korti ni jambo jingine, na wengi huchanganya hapa. Waliotengana hawalazimiki kukaa nyumba moja, lakini wangali mume na mke, wala hakuna anayeweza kuoa au kuolewa.

Wazee wataniuliza kama kazi yao imekwisha. La, haikwisha. Kwa ndoa ya kimila, sheria yaruhusu wawili wapitie kwanza usuluhishi wa kimila, na msuluhishi huiandikia korti taarifa ya mambo yalivyokwenda. Kwa hiyo daftari letu lina kazi, likiandikwa vizuri. Lakini bibi aliyepigwa asirudishwe nyumbani ati tunasuluhisha. Tangu mwaka 2015 iko sheria ya kumkinga na jeuri ya nyumbani, naye aweza kuomba amri ya korti bila kungoja talaka. Kadhalika watoto: karo na chakula chao ni juu ya wazazi wote wawili, wawe pamoja au mbali.

Jambo lililochukua siku nyingi ni mali. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ilikataa kuhesabu kazi za nyumbani za mke kuwa mchango wake. Sheria ya 2013 ikaligeuza neno hilo: kupika, kulea watoto, kulima shamba na kusimamia biashara ya jamaa, vyote ni mchango. Lakini wako wanaosema sasa kila kitu hukatwa nusu kwa nusu. Sivyo. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023 kwamba kila mmoja lazima athibitishe alichochangia. Bibi yetu aliwapikia mafundi na kuchota maji ya kufyatulia matofali. Risiti ya maji ya mtoni ataipata wapi? Wakili wake alitafuta mafundi na majirani wa siku zile. Akaiomba na barua yetu. Barua ile isiyofaa kitu kwa talaka ilitaja tarehe waliyotengana, na kwamba nyumba ilijengwa wakiwa pamoja.

Tumesema wakili wake, kwa kuwa wakili mmoja hawezi kuwasimamia wote wawili. Kabla hamjatoa fedha, hakikisheni kwamba ana cheti cha kazi cha mwaka huo, mpate na risiti. Asiye na uwezo asikate tamaa. Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, na wako Kituo cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973, na FIDA Kenya, chama cha wanawake mawakili kilichoanza mwaka 1985.

Shauri la hao wawili lingali kortini. Bwana hajapata mkopo wake. Bibi ameanza tena kulipa ada ya chama.

Katika kabati la ofisi zimo nakala za barua nyingine za namna ile, zote kwa mwandiko wetu. Walioandikiwa wanaombwa waje Jumamosi yoyote asubuhi, na vyeti vyao vya ndoa mkononi, tuzisome upya pamoja nao kabla ya kwenda kwa wakili.