Sheria Ndogo Zetu Zisiishie Kwenye Daftari

Hotuba ya wakili mzaliwa wa Lushoto katika harambee ya mwaka ya chama chetu, Dar es Salaam

 

Nimepewa dakika 10 niseme juu ya elimu ya sheria na mazingira ya kwetu. Mwenyekiti ameniomba nisilete Kiswahili cha mahakamani. Nitajitahidi.

Nianze kwa kukiri kosa. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukienda kuokota kuni msitu wa Magamba, na nyingine hatukuziokota, tulizikata. Mlinzi akitokea, tunatimua mbio. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza la sheria ya mazingira, na nikitazama nyuso zenu naona tulikuwa darasa moja.

Wazee wetu nao walikuwa na somo lao, la matuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilileta Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo. Watu walilazimishwa kulima kwa matuta, na asiyetii alishtakiwa. Kwamba udongo ulikuwa unateremka mabondeni, kila mtu aliona. Lakini amri ilitoka juu, na mzigo wa jembe ukawaangukia zaidi akina mama. Watu waligoma, na kabla miaka ya 1950 haijaisha mpango ukaachwa. Asije mtu akasema Wasambaa hawajali ardhi. Tuna maneno yetu ya tangu zamani: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Kilichokataliwa ni sheria iliyotungwa bila sisi.

Leo kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo zake chenyewe. Mamlaka hayo yapo tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982. Shida ni kwamba njia yake hatufundishani, na hapo niwasimulie lililonikuta.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda nyumbani msibani. Siku ya tatu mzee mmoja akanivuta pembeni akanionyesha chemchemi ambayo mimi mwenyewe nimechota maji nikiwa mdogo. Mtu alikuwa amefyeka miti yote upande wa juu ili apande kabichi. Kijiji kilikuwa na sheria ndogo inayokataza, imeandikwa vizuri kabisa kwenye kaunta buku, kwa mwandiko wa kupendeza. Wakampeleka mahakama ya mwanzo. Hakimu akauliza: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliojadili sheria hii uko wapi? Na idhini ya halmashauri ya wilaya? Havikuwepo. Mshtakiwa akaachiwa siku ileile, na hakimu hakukosea. Jamaa aliporudi akamalizia miti iliyobaki. Yule mzee akaniuliza, "Mwanangu, sheria yote hiyo uliyosoma huko Dar, hatua mbili tu zilikushinda kutuambia?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimesimama hapa.

Hatua zenyewe hazina uchawi. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, muhtasari unaandikwa na kusainiwa, kisha vyote vinapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Ikiidhinishwa, ina meno. Vilevile Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi kwenye ardhi yake na kuusimamia kupitia kamati ya maliasili.

Lakini elimu hii isiwe orodha ya makatazo. Chukueni mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kwenye mabonde yetu membamba mita 60 ni shamba zima la mtu, tena ndilo lenye karoti zinazolipa ada za watoto. Mkulima akisikia kifungu hicho siku anayong'olewa mboga, atafanya kama sisi kule Magamba. Akikijua mapema, anaweza kukaa mezani na wenzake, na halmashauri, na bodi ya maji ya bonde, wakazungumza lipi lipandwe wapi na nani ahamie wapi. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kazi kubwa kuliko mahakamani.

Na sheria haimkalii mnyonge peke yake. Nyinyi mnaoishi Tabata mnaijua habari hii: mwaka 1988 wakazi walilishtaki jiji kwa sababu ya dampo lililowatesa kwa moshi na harufu. Walishinda. Jiji liliporudi kuomba muda zaidi, Jaji Lugakingira alikataa, akaihusisha afya ya wakazi wale na haki ya kuishi, Ibara ya 14 ya Katiba. Sheria ya 2004 ilikuwa bado haijazaliwa. Leo kifungu chake cha 4 kinasema wazi kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya.

Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria. Kisingizio kimepungua.

Tunachowaomba leo ni mafunzo ya siku mbili kwa kila kijiji tutakachofikia: wajumbe wa halmashauri ya kijiji, kamati ya mazingira, na wasaidizi wa kisheria wawili, mmoja awe mama. Fedha zitakwenda kwenye nauli, chakula, na kuchapa nakala za sheria na mfano wa muhtasari. Mawakili tulio kwenye chama tutafundisha bila malipo. Tutaanza na kijiji cha yule mzee. Chemchemi ile bado inatoa maji, ingawa ndoo inachelewa kujaa.

Fomu za ahadi ziko kwenye meza ya mhazini.