Talaka Huanzia Barazani: Mada kwa Wasaidizi wa Kisheria wa Kata



Mtu anayetaka talaka haanzii kwa wakili. Hupitia kwanza kwa shangazi, kwa mshenga, kwa mjumbe, kwa shehe au mchungaji, na akishachoka ndipo anabisha hodi kwenu. Kosa mtakalofanya siku hiyo atalilipia yeye. Leo nitashika mambo mawili: hati ya baraza, na mtoto.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya maombi ya talaka kufika mahakamani. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati inayosema hivyo. Wengi hutoka barazani na kikaratasi cha mistari miwili, "tumeshindwa, waende mbele," wakadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri la talaka kwa sababu karatasi iliyotoka barazani haikutimiza masharti ya hati. Mashahidi walikwisha kusikilizwa, hukumu ilikwisha kuandikwa, yote yakarudi sifuri. Kwa hiyo mteja akija, ombeni muione hati yenyewe kwa macho yenu. Someni tarehe pia, maana haitakiwi kupita miezi sita tangu itolewe hadi siku ya kufungua shauri.

Wapo wasiolazimika kupita barazani. Mume ametoroka na hajulikani alipo, au aliitwa akakataa kufika kwa makusudi, au amefungwa miaka mitano na zaidi: sheria imewafikiria wenzi wa watu hao. Imefikiria pia mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Hapa naomba niseme ninachoamini kabisa. Mwanamke aliyekuja na jeraha bichi msimpeleke kukaa benchi moja na aliyempiga ili wapatane. Mpelekeni Dawati la Jinsia na Watoto, apate fomu ya polisi ya PF3, atibiwe. Habari ya ndoa itafuata baadaye, na fomu hiyo itakuwa sehemu ya ushahidi wake.

Sasa mtoto, na hapa ndipo uvumi unapowaumiza watu zaidi. Mitaani inasemwa kwamba mtoto akifikisha miaka saba "anarudi kwa baba". Nimemsikia mama akilia ofisini kwangu, amefungasha nguo za binti yake kwa sababu siku ya kuzaliwa ilikuwa wiki ile. Hakuna mahakama iliyomwamuru. Alikuwa ameambiwa na mawifi.

Sheria inachosema ni kingine. Mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kwamba ni vema akae na mama yake, ila dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Akivuka umri huo dhana inaondoka, basi. Haihamii upande wa baba. Kinachobaki ni kile kilichokuwa juu ya yote tangu mwanzo: ustawi wa mtoto mwenyewe. Mahakama hutazama matakwa ya wazazi, mila za jamii yao, na maoni ya mtoto kama umri wake unamwezesha kuyatoa. Hutazama pia madhara ya kumhamisha mtoto kutoka maisha aliyoyazoea. Mila imo, lakini haitawali peke yake. Anayesema "nilitoa mahari, watoto ni wangu" ajibiwe kwa upole na bila kusitasita kwamba mahari haikununua watoto.

Kwa hiyo msimsaidie mteja kukusanya matusi ya mwenzake. Msaidieni kukusanya maisha ya mtoto: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, nani anasaini fomu za shule, nani alilala naye hospitali. Mwalimu wa darasa ni shahidi mzuri kuliko jirani mwenye hasira. Mtambulisheni kwa Afisa Ustawi wa Jamii mapema, asisubiri siku ya shauri.

Matunzo yasifungwe na malezi. Baba ana wajibu wa kumtunza mtoto hata kama mtoto anakaa kwa mama, na mama asimfiche mtoto kwa kuwa hela ya mwezi imechelewa. Kila dai lina njia yake mahakamani.

Mipaka yenu mnaijua: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua, ila haikuwafanya mawakili, na huduma yenu ni bure. Shauri likizidi uwezo wenu, mpelekeni mteja kwenye taasisi za msaada wa kisheria kama TAWLA, WLAC au LHRC. Walio Dar es Salaam wakumbuke Kituo Jumuishi cha Temeke, kinachoshughulikia mashauri ya familia.

Jambo la mwisho ni dogo, nami nimeona likivunja amani iliyopatikana kwa shida. Wazazi wakikubaliana juu ya kumtembelea mtoto, msiwaache waandike "baba atamwona mara kwa mara". Waandike siku, saa ya kumchukua na ya kumrudisha, nusu ipi ya likizo ni ya nani, na mahali pa kukabidhiana. Kama wawili hao hawawezi kuonana bila kugombana, nyumba ya bibi ya mtoto inatosha.